Sindano ya tezi dume na mifupa ya wazee wetu: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya Zanzibar

Assalaam alaykum waheshimiwa,

Mheshimiwa Waziri wa Afya, wakubwa wa Bohari Kuu ya Dawa, nyinyi wa Mfuko wa Huduma za Afya, na madaktari dhamana wetu wa Unguja na Pemba, naandika nikiwa Wete, ni baada ya isha, baba yangu amelala chumba cha pili na nnamsikia anavyogeuka, maana siku hizi hageuki hivi hivi, anashika kwanza pembe ya kitanda, anavuta pumzi, halafu ndo anajigeuza kidogo kidogo, na ile pumzi anayoivuta ndo iliyonitoa kitandani nikaja kuandika barua hii.

Ombi langu nalitanguliza ili hata asiyefika mwisho awe ameshalipata. Siku mgonjwa wa kansa ya tezi dume anapoanzishiwa sindano ya kuzima homoni, au anapopasuliwa kuondolewa korodani, basi siku hiyo hiyo mifupa yake nayo ianze kuangaliwa. Isingojwe mpaka ivunjike. Ni hilo tu, mengine yote ntakayosema ni maelezo yake.

Baba alikuwa mwalimu wa skuli, akastaafu, akarudi kwenye mikarafuu yake. Mkojo ulipoanza kumsumbua alificha kama wanavyoficha wazee wengi, mama ndo aliyegundua kwa vile alivyokuwa akiamka usiku mara 5 mara 6. Akapimwa damu, PSA, yaani kile kitu kinachotoka kwenye tezi dume na kansa hukipandisha, iko juu sana, akachukuliwa kinyama cha kupimwa, ikathibitika ni kansa. Akaanzishiwa sindano, ile ya kila wiki 12 inayochomwa chini ya ngozi ya tumbo, na kila tarehe yake ikifika tunaondoka usiku kuiwahi boti ya Mkoani. Alhamdulillah sindano ilifanya kazi yake, PSA ikashuka ikatulia, mkojo ukawa mzuri, baba akanenepa kidogo, akawa anatokwa na jasho la ghafla usiku na kuhisi moto mwilini lakini hilo tuliambiwa mapema kuwa ni kawaida ya sindano. La mifupa hatukuambiwa. Hospitali siitaji na sitoitaja, kwa sababu wale waliomchoma sindano walimfanyia wema na mikono yao ilikuwa mizuri, shida ni kwamba kwenye kadi yake hakukuwa na mahali popote palipoandikwa mfupa, na kisichokuwemo kwenye kadi hakuna anayekiuliza.

Sasa nisikilizeni hapa. Ilipokaribia Idd, baba alipeleka kanzu yake kwa fundi cherehani ipunguzwe chini. Kanzu ile ile aliyoishonesha miaka 3 nyuma, ikimfika pale anapopataka yeye juu ya kifundo cha mguu, sasa ikawa inaburuza, na baba mtu wa dini hapendi kanzu iburuze. Fundi akampima kwa futi yake, akaikunja vidole viwili, akashona. Sote tukaona ni uzee, mzee anapungua, nani hajui. Mie mwenyewe niliiona nikanyamaza. Kumbe yule fundi ndo mtu wa kwanza aliyempima baba mifupa tangu aanze sindano, na wala mwenyewe hajui kuwa kapima. Pingili za uti wa mgongo zikishakuwa dhaifu zinabonyea taratibu, mtu anafupika, na mara nyingi haumwi kiasi cha kwenda hospitali, anahisi mgongo umechoka tu.

Miezi miwili baadae msimu wa karafuu ukaanza. Baba hapandi tena mikarafuu lakini hakai ndani, akainama kuinua pakacha la karafuu mbichi, halifiki hata kilo 10, akasikia mgongo umelia. Neno lake ndo hilo, umelia. Hakuanguka, hakuteleza, aliinama tu. Alikaa chini pale pale juu ya jamvi na hakuweza kunyanyuka mpaka vijana wakambeba.

Wiki 5 tulimuuguza nyumbani, mama anamkanda kwa mafuta ya makonyo, na katika wiki zote hizo hakuna aliyetamka ila kila mtu alikuwa na fikra moja kichwani, kwamba kansa imerudi na imeshaingia kwenye mfupa. Ami yangu alianza kuulizia bei ya kipande cha shamba ili tupate pesa. Baba mwenyewe aliita mtu akaandikisha wasia. Tulipofika kwenye hospitali nyengine na akapigwa eksirei, pingili moja ilikuwa imebonyea upande wa mbele na nyengine ya juu yake imeanza, akaendelezwa vipimo vyengine na majibu yakaja kuwa kansa haimo kwenye mfupa. Ni mfupa umekuwa mwepesi. Daktari akamuuliza, mzee, ulipoanza sindano kuna dawa yoyote ya mifupa uliyopewa? Baba akanitazama mie, mie nikamtazama mama. Ndo jibu alilolipata.

Tangu siku ile nimesoma na nimeuliza kila ninaemuamini, na nataka niyaseme hapa kwa lugha yetu kwa sababu wagonjwa na wake zao nao watasoma barua hii.

Mfupa ni kitu hai, kila siku kuna chembe zinazoubomoa na chembe zinazoujenga, kwa mtu mzima mwenye afya kazi hizi mbili zinakaribiana. Kinachomshikia mwanamme mizani hii ni homoni zake za kiume, na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sehemu ya homoni hiyo ya kiume inageuzwa mwilini kuwa estrojeni, na estrojeni hiyo ndo inalinda sana mfupa hata kwa wanaume. Kansa ya tezi dume inakula homoni ya kiume, hili lilijulikana tangu 1941 pale Charles Huggins wa Chicago alipoonesha kuwa ukimkata mgonjwa homoni hiyo kansa inasinyaa, na akapewa Tuzo ya Nobel 1966 kwa kazi hiyo. Kwa hiyo sindano inazima chanzo, kansa inakosa chakula, lakini na mfupa unakosa mlinzi wake siku hiyo hiyo, wabomoaji wanaendelea na kazi na wajenzi hawawafikii. Mwanamme wa umri huo bila dawa hupoteza kama asilimia 0.5 mpaka 1 ya mfupa kwa mwaka, akiwa kwenye sindano inakuwa mara kadhaa ya hapo, na kasi kubwa iko mwaka wa mwanzo. Mwaka wa mwanzo! Yaani wakati ule ule ambao familia imefurahi PSA imeshuka na hakuna anayefikiria kitu chengine. Na misuli nayo inapungua, mafuta yanaongezeka, miguu inakosa nguvu, mtu anakuwa mwepesi wa kuanguka wakati ule ule ambao mfupa hautaki aanguke.

Hili si jambo jipya duniani. Mwaka 2005 ilitoka ripoti ya Marekani iliyotazama kumbukumbu za wanaume 50,613 wenye kansa ya tezi dume, katika wale walioishi angalau miaka 5 tangu kugunduliwa, waliotibiwa kwa kukatiwa homoni asilimia 19.4 walivunjika mfupa, wasiotibiwa hivyo ni asilimia 12.6. Nisome vizuri waheshimiwa, simwambii mtu aache sindano. Sindano imemrudisha baba yangu kwenye meza ya kula. Mgonjwa yeyote anaesoma hapa asikose tarehe yake ya sindano kwa sababu ya maneno yangu, kansa ya tezi dume ikiachwa mahali inapopenda kwenda ni huko huko kwenye mifupa, mgongo, nyonga na mbavu. Ninachosema ni kwamba madhara haya yanajulikana, yana kipimo na yana dawa.

Kuna kundi moja linaniuma zaidi ya baba yangu. Mgonjwa wa sindano angalau ana tarehe ya kurudi, kila wiki 12 anaonana na mtu mwenye koti jeupe, kuna nafasi ya kumuuliza. Lakini wapo wazee ambao hawawezi kumudu sindano au safari zake wakachagua operesheni ya kuondolewa korodani, ni tiba ya kweli, inafanya kazi sawa na sindano na inafanywa mara moja ikaisha. Sasa huyu akishapona kidonda anarudi kwao Kojani au Tumbatu au Makunduchi, hana sindano ya kufuata, na homoni yake imezimwa moja kwa moja maisha yake yote. Mfupa wake unapungua vile vile kama wa baba, kwa miaka, na hakuna daftari linalomwita. Naomba sana wazee hawa watafutwe kwenye vitabu vya tiyeta, majina yao yamo, na masheha wanawajua wanakaa wapi.

Nikija kwenye cha kufanya, nnajua jibu la haraka litakuwa mashine hakuna au ni ghali. Kipimo chenyewe cha uzito wa mfupa kinaitwa DXA, mtu analala tu dakika 10 mpaka 20, mionzi yake ni kidogo mno, na matokeo yanakuja kwa namba, ikifika -2.5 au chini ya hapo huo ndo mfupa uliokonda wenyewe, osteoporosisi, na baina ya -1 na -2.5 ni mfupa ulioanza kupungua. Nnaomba ndio, kipimo hichi kipangwe kwa namna ambayo mzee wa Micheweni havuki bahari kwa kipimo cha robo saa. Lakini isiwe kwamba tunangojea mashine. Tangu 2008 kuna hesabu inaitwa FRAX, imetengenezwa na watu wa Chuo Kikuu cha Sheffield Uingereza, iko bure kwenye mtandao, daktari anaingiza umri, uzito, urefu, kama mgonjwa alishawahi kuvunjika, kama mzazi wake alivunjika nyonga, kama anavuta sigara, kama anatumia dawa za steroidi, na inampa makisio ya hatari ya kuvunjika kwa miaka 10 hata bila ya DXA. Inataka simu na bando, na muuguzi aliyefundishwa asubuhi moja.

Hilo la steroidi lina uzito wake, maana baadhi ya wagonjwa wa kansa hii wanapewa vidonge vya abirateroni na vile vinakwenda pamoja na prednisoloni, na prednisoloni ni steroidi, nayo inakondesha mfupa. Mtu wa namna hii anapigwa pande mbili, huyo awe wa kwanza kwenye foleni.

Na urefu. Jamani urefu. Bandikeni futi ukutani kwenye kila kliniki ya tezi dume, mzee avue viatu apimwe kila anapokuja na iandikwe kwenye kadi karibu na PSA. Akipungua sentimita kadhaa, apigwe eksirei ya mgongo hata kama hajalalamika. Fundi cherehani wa Wete aliweza.

Dawa sasa. Kuna vidonge vya alendroneti, mtu anameza kimoja cha miligramu 70 mara moja kwa wiki, ni dawa ya zamani, inatengenezwa na viwanda vingi na si ya bei ya kutisha. Mwaka 2007 yalitoka majibu ya utafiti wa wanaume 112 walio kwenye tiba hii ya homoni, waliopewa alendroneti kwa mwaka mmoja mfupa wa mgongo uliongezeka asilimia 3.7, na waliopewa vidonge visivyo na dawa ulipungua asilimia 1.4. Masharti yake ni magumu kidogo kwa mzee, ameze asubuhi tumbo tupu, na glasi nzima ya maji matupu, chai hapana, halafu akae wima au asimame nusu saa asilale, maana kidonge kikikwama kinaunguza koo. Mwezi wa Ramadhani inabidi apangiwe vizuri, na hili mfamasia wa huku ndo wa kumwelekeza, makaratasi ya kutoka nje hayajui daku ni nini.

Ipo na asidi ya zoledroniki inayopitishwa kwa dripu, kwa mfupa uliokonda huwa mara moja kwa mwaka tu, na dawa yenyewe imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2017, iliingizwa kwa ajili ya kansa iliyofika kwenye mifupa. Kwa kisiwa chetu mie naona hii ndo inayotufaa zaidi, mzee anachomwa mara moja anakwenda zake mwaka mzima, boti ikighairishwa kwa sababu ya upepo wa kusi haimuharibii kitu. Kabla yake lazima apimwe figo na apimwe kalsiamu kwenye damu, na vitamini D yake iwe sawa.

Halafu iko denosumabu, sindano ya chini ya ngozi kila miezi 6, miligramu 60. Hii ndo yenye ushahidi mkubwa kwa wagonjwa hawa hasa, utafiti wa 2009 uliochukua wanaume 1,468, baada ya miaka 3 waliopata mivunjiko mipya ya uti wa mgongo ni asilimia 1.5 kwa waliochomwa na asilimia 3.9 kwa wasiochomwa. Nzuri sana, lakini hapa naomba Bohari Kuu ya Dawa mnisikilize kwa makini. Dawa hii ikikatishwa ghafla mfupa unarudi kubomoka kwa kasi na pingili zinaweza kuvunjika kadhaa kwa mpigo. Kwa hiyo kama hatuna hakika kwamba mzigo utakuwepo mwezi wa 6, na wa 12, na wa 18, basi bora mgonjwa aanzishiwe nyengine. Kumuanzishia mzee dawa ya namna hii halafu akaja akaambiwa imeisha, njoo mwezi ujao, ni kumtia hatarini zaidi ya alivyokuwa. Na siku ikibidi aiache, daktari ampangie dawa nyengine ya kuipokea.

Dawa zote hizi zina jambo moja la meno. Mara chache, lakini hutokea, mfupa wa taya unakufa sehemu, hasa mtu aking'olewa jino akiwa kwenye dawa, na hatari inakuwa kubwa zaidi kwa wale wanaopewa dozi kubwa za kila mwezi kwa ajili ya kansa iliyoingia mifupani. Kwa hiyo daktari wa meno aje kwanza. Wazee wetu wangapi wana meno mabovu wanayoyavumilia kwa karafuu? Wang'olewe yanayotakiwa kung'olewa, kidonda kipone, ndo dawa ianze. Chumba cha meno na kliniki ya tezi dume mara nyingi viko kwenye uwanja mmoja wa hospitali, kinachokosekana ni karatasi ya kumtoa mgonjwa huku kumpeleka kule.

Nimetaja dozi kubwa na nataka niliweke sawa kwa sababu familia yetu ililichanganya sana. Kuna mfupa uliokonda kwa sababu ya tiba na kuna mfupa ulioingiliwa na kansa, ni maradhi mawili, dawa zinaweza kuwa na jina moja lakini kipimo na nafasi ya kuchomwa ni tofauti. Na hakuna katika hizi inayoua kansa, zinalinda mfupa tu. Mgonjwa aambiwe ni lipi kati ya mawili analotibiwa, aandikiwe, maana sisi wiki 5 tulikaa tunamzika baba akiwa hai kwa kukosa kuelezwa tofauti hiyo. Na liko la tatu ambalo halingoji tarehe ya kliniki wala boti ya kesho: mgonjwa wa kansa ya tezi dume mwenye maumivu ya mgongo akianza kuishiwa nguvu za miguu, au ganzi, au mkojo na choo vikaanza kumshinda, huyo uti wake wa mgongo unaweza kuwa umebanwa na ni wa kukimbizwa siku hiyo hiyo, akicheleweshwa anaweza asisimame tena. Kila zahanati iwe na maneno haya ukutani kwa Kiswahili, herufi kubwa.

Chakula sitaki nikiseme sana kwa sababu tukishaanza chakula watu husahau dawa. Mzee aliyepita miaka 70 anahitaji kama miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku ukijumlisha chakula na vidonge, glasi moja ya maziwa inampa kama 300, dagaa wanaoliwa na miiba yao wana nyingi, ufuta una nyingi, wimbi lina nyingi, vyote viko sokoni kwetu. Vitamini D yuniti 800 hivi mpaka 1,000. Tunaishi kwenye jua lakini mzee mgonjwa hatoki, na akitoka yuko kwenye kivuli cha baraza na kanzu mpaka mikononi, na ngozi yetu nyeusi inataka muda zaidi juani kuitengeneza. Sigara aache. Lakini kalsiamu na vitamini D peke yake haziwezi kuzuia upungufu unaoletwa na sindano hizi, asije mtu akamwambia mgonjwa wewe kunywa maziwa tu utapona.

Ila naomba hivi: mke aingizwe ndani wakati wa maelezo. Kwenye maradhi haya ya tezi dume mama zetu huachwa nje kwenye benchi, kwa heshima, najua, ni maradhi ya aibu kwa wazee. Lakini anaepika dagaa ni mama, anaejua kidonge kimemezwa au kimetupwa ni mama, anaesikia mtu kajikwaa chooni usiku ni mama. Daktari amuulize mzee kama yuko radhi, wengi watakubali. Baba alikubali mara ya kwanza tu alipoulizwa, miaka miwili hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kuanguka nako. Sakafu za marumaru zinapendeza na zikirowa ni barafu, chooni kwetu nimegongomea bomba la chuma ukutani la kushikia, fundi alimaliza kwa nusu siku. Msikitini pale pa kutilia udhu pia. Wataalamu wa mazoezi ya viungo tunao hospitalini lakini mgonjwa hupelekwa kwao akishavunjika, apelekwe kabla, afundishwe kukaa na kunyanyuka kwenye kiti mara 10 asubuhi na jioni, kutembea, kubeba vitu vidogo kwa mgongo ulionyooka, misuli ya mapaja irudi. Baba sasa anafanya hayo, kwa kuchelewa, na kila siku ananiuliza kwa nini hakuambiwa alipokuwa bado anaweza kuinama.

Maana kuinama ndo kilichomuondoka. Miaka yote namjua baba anasali safu ya mbele, sasa anasali kwenye kiti pembeni ya safu, rukuu kwa kichwa, sijida kwa kichwa. Hajalalamika hata siku moja kuhusu maumivu, lakini siku ya mwanzo alipowekewa kiti kile alirudi nyumbani akakaa kimya mpaka magharibi.

Nyinyi wa Mfuko, nawaomba mtazame hesabu yenu vizuri. Nyonga ya mzee ikivunjika inataka chuma, tiyeta, wodi, damu, halafu mtu wa kumuuguza miezi, na wanaume wanaovunjika nyonga hufariki ndani ya mwaka mmoja kwa wingi kuliko wanawake waliovunjika vile vile. Vidonge vya wiki kwa wiki na dripu moja ya mwaka haviwezi kushinda gharama hizo. Kansa hii ndo inayoongoza kwa wanaume katika nchi yetu ya Tanzania, wagonjwa wanaongezeka kila tunapopima zaidi, na kila mmoja anaeanza sindano leo anaanza na saa ya mfupa. Kama mnalipia sindano basi lipieni na mfupa kwenye fungu hilo hilo, kibali kimoja, mzee asiombe mara mbili.

Na wizara, nnachokiomba kwenu ni ukurasa mmoja. Mwongozo wa ukurasa mmoja kwa kila anaeanzisha tiba hii Unguja na Pemba, wenye nafasi ya urefu, FRAX, figo, kalsiamu, meno, dawa iliyochaguliwa na sababu yake, na tarehe ya kurudia. Muandikiwe na madaktari wetu wenyewe wa mkojo, wa kansa na wa mifupa wakikaa pamoja siku moja, maana mgonjwa ni mmoja na sasa hivi kila mmoja wao ana kipande chake.

Sindano ya baba inayofuata ni wiki ya pili ya mwezi ujao. Ntamsindikiza mie, na mama tutamchukua. Nimeshaandika kwenye karatasi urefu wake wa leo, tumempima ukutani asubuhi hii bila viatu, na karatasi hiyo ntampa atakaetupokea ili aibandike kwenye kadi.

Wassalaam,
Mtoto wa mgonjwa,
Wete, Pemba